Mpishi wa Mwisho kwenye Benchi

Alhamisi, Chumbageni, 1955

Bado nacheka, ila na aibu ninayo.

Zamani ofisi yetu ya kuwatafutia watu kazi ilikuwa benchi moja barazani. Sasa tuna vyumba viwili, na mashamba ya mkonge mpaka Mwera yanatuagiza wapishi. Kila mpishi sharti apike kwanza hapo uani, nami nionje. Ndiyo maana kila siku narudi nyumbani nimeshiba.

Leo nilikuwa nimechoka, nataka kufunga, nikamwona mpishi wa mwisho kwenye benchi, kajitanda buibui, bakuli mapajani. Mke wangu, Mwanaidi!

"Nasikia mnatafuta wapishi," akasema, hata hatabasamu.

Nikaona ni mzaha, nikauitikia. "Ulikuwa ukimpikia nani?"

"Bwana mmoja hapa Chumbageni. Kazi yake imekua, siku hizi hagusi chakula changu."

Nami nilidhani kukua ni heri tupu.

Nikafunua bakuli: wali wa nazi na nguru wa kupaka. Nikala mpaka nikalamba vidole.

"Nimepata kazi?" akauliza.

Nikamwita karani, nikamwambia kuanzia kesho yeye ndiye atakayeonja mapishi. Mimi mchana nakula kwangu.