Nimebaki kwenye Kambi ya Mifarishi

Chumba cha nyuma,
Nyumba ya wageni nyuma ya kiwanda cha matofali,
Jumamosi, 14 Juni.

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute umeketi barazani, si kitandani, maana nimesikia mguu umeanza tena visa vyake. Ile dawa ya kuchua inasaidia, au inanukia tu? Na macho ya mzee wako je, bado anasoma gazeti kwa kulisogeza hadi mwisho wa mkono? Sisi hatujambo. Nikisema sisi nawahesabu na walioko nyumbani, kwa sababu mimi leo siko nyumbani, na wewe habari hiyo unayo.

Univumilie nikirukaruka. Naandika nimesimama kwenye meza ya kupigia pasi. Nikiketi, miguu inataka kwenda.

Kwanza nikueleze hii kambi, maana naona ulielezwa nusu. Tuko akina mama wanne, mimi, Fundi, Karani na Mama Pacha, tunaoshona mifarishi, zile shuka nzito za vipande vya nguo, zenye pamba katikati. Nyumbani ukitandaza kitambaa sakafuni mtoto anakigeuza uwanja. Basi tukapanga tupate siku chache mahali pamoja, na cherehani zetu, bila sufuria wala vilio. Kupanga kwenyewe kulikuwa kazi. Leo huyu mtoto ana surua, kesho yule mumewe kasafiri. Mwisho Fundi, ambaye ndiye mshonaji wa kweli kati yetu, akasema tukingoja watoto wote wapone tutakuja kukutana kushona sanda. Tukacheka, tukashika tarehe, tukaja juzi.

Mfarishi huu ni wa Mkunga aliyetuzalisha sote wanne. Anahamia mbali mwisho wa mwezi, na hatutaki aende mikono mitupu.

Sasa nije kwa mjukuu wako, huyu mdogo tunayemwita Kupe kwa jinsi anavyoniganda. Ameshapita miaka miwili na bado ananyonya, tena usiku ndiyo zaidi. Mwaka huu sijui usingizi mzima ukoje. Nimejaribu kumwachisha nikiwa nyumbani, nimeshindwa, anasikia harufu yangu hata nikijificha chooni. Baba yake akasema, wewe nenda kambini, mimi nitabaki naye. Nikakubali upesi kabla moyo haujabadilika.

Ukabadilika njiani. Siku ya kwanza sikushona kitu cha maana. Nilikuwa nakwenda dirishani, narudi, natunga sindano iliyokwisha kutungwa. Nimesimama mbele ya pasi, Mama Pacha akaniuliza, "Unambembeleza nani?" Nikajitazama, kumbe nayumba kiuno kama mwenye mtoto mgongoni. Yeye ameacha wawili na anadai hajamsikia hata mmoja. Mimi nilikuwa nasikia kilio kwenye bomba la maji.

Na maziwa yaliniuma, Shangazi. Yalilowesha blauzi mpaka Fundi akachana pamba ya mfarishi akanipa nijitie kifuani. Kipande nilichokuwa nimekishika kilidondokewa pia. Mama Pacha akasema tukiache hivyo hivyo, Mkunga hatashangaa harufu hiyo.

Jana asubuhi tukavitandaza vipande vyote sakafuni, tuvipange kabla ya kuunganisha. Havikulingana. Kosa lilikuwa letu sote, ila lilianzia kwangu. Nilikuwa nimekata mraba wa karatasi ngumu, nikampa Fundi. Fundi akachora wake kwa kuuzungushia kalamu, akampa Karani huo wake, Karani naye akachora wake akampa Mama Pacha. Kila mmoja alikata kwa nje ya mstari. Vipande vyangu vikawa vidogo, na vya Mama Pacha vimenenepa safarini. Ukiviweka pamoja kona hazikutani.

Nilichofanya ndicho nataka ukijue kwangu. Nilisema basi, kazi imeharibika, hakuna mfarishi hapa, nikaanza kukusanya nguo zangu. Nilikwisha funga begi. Fundi hakunizuia. Aliendelea kung'ata uzi, akasema, "Mwenzangu, kama mtoto anakuita, nenda. Ila usivisingizie vipande."

Nilikaa juu ya lile begi. Mtoto hakuwa ameniita. Mimi ndiye niliyekuwa namwita.

Basi tukafanya alivyoelekeza Fundi. Vipande vidogo tukavizungushia ukanda wa kitambaa cha bluu, kisha vyote tukavikata upya kwa kipimo kimoja. Ule wa bluu umekaa vizuri kuliko tulivyopanga mwanzo. Tulishona hadi migongo ikakataa, tukicheka ovyo. Karani, ambaye kazini haongei, aliimba mchana kutwa na hajui kuimba. Usiku nikalala. Nililala, Shangazi, moja kwa moja, kama gogo.

Leo asubuhi baba watoto akapiga simu. Anasema Kupe alilia sana usiku wa kwanza, jana akalia kidogo, leo kaamka akadai chai. Kisha akasema, "Shangazi yako amenipigia. Anasema nije nikuchukue, mke hatupi mtoto kwa ajili ya matambara. Nije?"

Nilikuwa na maneno mengi, nikatoa moja. Nilisema, "Usije." Lilitoka dogo, lakini sikulirudisha. Tangu hapo sikai. Naogopa umenikasirikia. Naogopa pia leo usiku atalia tena na mimi sipo. Nitarudi kesho jioni kama tulivyopatana, si kabla.

Najua umelea watoto wako na sisi wa kaka yako, na hukulala nje hata siku moja. Mkono ulionifundisha kushika sindano ni wako. Sikuwahi kukuuliza kama nawe ulitamani kulala nje, hata mara moja, na watu wakuachie. Siku nikija nitakuuliza, unijibu ukitaka.

Lakini hili nakuomba kwa adabu zote, na nalisema mara moja. Ukiwa na neno la kunigombeza, nipigie mimi. Nitalisikiliza lote, sitakata simu, sitajibu jeuri. Usimpitishie mume wangu. Yeye ananichunga kwa hiari yake, na mimi sitaki nichungwe kwa amri. Simu yangu iko hapa kando ya pasi, nimeiweka sauti juu.

Msalimie mzee wako, umwambie ile miwani aliyonayo ni ya kusomea, si ya kuweka juu ya kichwa. Msalimie dada mkubwa na wanawe, na mjomba wa kiwandani ukionana naye. Mungu akupe wepesi wa mguu na usingizi mzuri.

Ni mimi mwanao nikupendaye, hata leo,

Kifungua mimba wa kaka yako