Kioo Changu Kimekwenda Disko

Mpanda, Jumapili jioni, Agosti 1996

Upepo umevuma tangu asubuhi na vumbi limeingia hadi kwenye bakuli la vitana. Kiangazi cha hapa hakibembelezi mtu. Nimefagia saluni mara mbili na bado nikitembea naacha nyayo. Nina hasira, ila zimeshatulia, zimekaa kitako, ndiyo maana naweza kuandika.

Nianze na kioo.

Kioo changu kilikuja kwa treni kutoka Tabora, kimefungwa ndani ya godoro, na ni kirefu kuliko mimi. Hapa mtaani kwetu Shanwe hakuna saluni nyingine yenye kioo cha kumwonyesha mtu kuanzia nywele mpaka viatu. Kwa hiyo mavuno yakiisha na harusi zikianza, kioo changu huombwa. Bibi harusi anataka kujiona mzima, siyo vipande vipande kwenye kijikioo cha kunyolea ndevu. Watu wanakuja na blanketi, wanakifunga, wanakibeba wawili, kesho yake wanakirudisha pamoja na sahani ya pilau. Sijawahi kumnyima mtu. Ukimnyima bibi harusi kioo, mji mzima utakusema mpaka mvua zinyeshe.

Basi mchumba wangu Gerald aliponiambia kuna bibi harusi mtaa wa Kawajense, dada wa rafiki yake, nilimpa. Jumamosi iliyofuata akaja tena, bibi harusi mwingine. Jumamosi nyingine tena. Nikasema mwaka huu Kawajense wanaoana kweli. Pilau sikuiona hata punje, nikadhani anaila njiani.

Gerald anauza kanda za muziki jirani na stesheni. Treni ikileta kanda mpya, yeye anazirekodi kwenye kanda nyingine na kuandika majina ya nyimbo kwa mkono, makosa matupu. Tumechumbiana tangu mvua za mwaka jana. Mtulivu, hanywi, shati limepigwa pasi hata siku ya kwenda kisimani. Shangazi Paskazia, aliyenilea tangu tulipohama Mpimbwe, anampenda kuliko anavyonipenda mimi. Na leo ndiyo ilikuwa siku ya washenga wake kuja kuchukua jibu la posa.

Sasa habari ya kucheza.

Mimi napenda kucheza muziki, na sioni aibu kuliandika hilo. Nikisikia gitaa la solo mabega yangu hayaniombi ruhusa. Tulipochumbiana nilimwambia Gerald sitaki khanga wala sabuni za kunukia, nitoe nikacheze. Akanitoa kweli, haki yake simnyimi. Kwa hiyo kumbi za dansi za mji huu na viunga vyake nazijua zote, na naandika hapa kwa moyo mweupe kwamba hazifai.

Ile baa ya njia ya stesheni ina bendi ambayo mwimbaji wake anaimba majina ya watu kuliko nyimbo. Anaimba jina la mwenye lori, anaimba jina la mke wa mwenye lori, anaimba jina la lori lenyewe. Gitaa linangoja pembeni. Wanaume wamekaa mezani na miwani ya jua ndani ya nyumba, wanatikisa goti. Goti moja tu. Hiyo ndiyo dansi yao, na wakirudi nyumbani wanasema wamechoka.

Sitalike, kijiji cha jirani na hifadhi ya wanyama, tulikwenda kwa lifti ya lori la mahindi, nikafika na vumbi hadi kwenye kope. Pale wanacheza na mabuti, na kila mtu anajifanya mfanyakazi wa hifadhi, hata muuza vitumbua. Redio ilikula kanda katikati ya wimbo. Mtu akaichomoa, akaizungusha kwa kalamu, wimbo uleule ukaanza upya, na wao wakashangilia kama vile ndiyo kwanza wanausikia.

Halafu kuna ukumbi wa Bwana Ndaro, Kawajense. Zamani ulikuwa ghala la tumbaku. Disko lake linapigwa mchana kwa sababu umeme wa mji huu hauaminiki usiku. Wanamwagia maji sakafu ya udongo, baada ya nyimbo chache maji yamekauka, vumbi na harufu ya tumbaku vinapanda pamoja, na ukumbi mzima unaanza kupiga chafya. Vijana wamepaka raba zao chaki ziwe nyeupe. Wote wamegeuza kofia nyuma kwa sababu walimwona mtu mmoja aliyeshuka kwenye treni amegeuza yake. Angeshuka ameivaa mguuni, Mpanda nzima ingetembea na kofia mguuni.

Kote huko Gerald hakucheza hata mara moja. Alikaa ukutani, ameshika sweta langu na soda yangu. Nilicheza na Esperansi, binti tunayefanya naye kazi saluni, ambaye wazazi wake walitoka Burundi, na yeye anajua kucheza. Nikimvuta Gerald mkono anasema, "Miguu yangu mizito, Feli. Nimezaliwa hivyo."

Nikamwonea huruma. Nikajisemea, basi, mtu hawezi kupewa vyote. Taratibu nikaanza kukaa naye ukutani, asijione mpweke. Siku za mwisho nilikuwa naingia ukumbini na kutoka bila kuinuka, wimbo ninaoupenda unapita mbele yangu, mimi nimeshika chupa. Nikaliita jambo hilo upendo.

Hilo ndilo linalonitia aibu.

Jumatatu nilikuwa nafuta kioo. Chini kabisa kulikuwa na unga mweupe, na katikati, usawa wa kifua, alama za viganja vya mwanaume. Nilipitisha kidole kwenye ule unga. Ni chaki. Nikauliza kwa sauti, hivi siku hizi bibi harusi anavaa raba?

Esperansi alikuwa anamsuka mteja nywele za twende kilioni. Akasimamisha mikono. "Dada Feli, kwani hujasikia? Kwa Ndaro wameweka kioo. Vijana wanagombea nafasi ya kucheza nacho."

"Kucheza na nani?"

"Na kioo, dada. Kila mmoja na sura yake."

Mteja alicheka mpaka machozi, na mimi nikacheka naye kwa sababu sikujua nifanye nini kingine.

Jana Gerald alikuja na blanketi lake. Bibi harusi wa mwisho, alisema, na akaniangalia machoni kabisa. Nikampa. Nikamsaidia hata kukifunga. Kisha nikafunga saluni, nikamchukua Esperansi, tukaenda Kawajense jua bado liko juu.

Kioo changu kilikuwa kimeegemezwa ukutani juu ya makreti ya soda, na zile picha za mitindo ya nywele nilizobandika pembeni bado zipo. Mbele yake wanaume wamejipanga mstari, bega kwa bega, wote wameupa ukumbi mgongo. Wanacheza wanajitazama. Mmoja anajikonyeza. Mwingine anajinyooshea kidole, anajirudia, anajikubali. Nyuma yao, kwenye mabenchi, wasichana waliojipamba tangu asubuhi, wengine nimewasuka mimi, wanatazama migongo.

Nimeona ujinga mwingi maishani mwangu, lakini ukumbi mzima wa wanaume waliovaa, wakanukia, wakatoka nyumbani kwenda kukutana na wenyewe, huo ulikuwa mgeni kwangu.

Katikati ya mstari, mahali pazuri kuliko pote, alikuwa Gerald.

Anacheza. Na anacheza vizuri. Miguu mizito ilikuwa kwa ajili yangu tu, kule ilikuwa myepesi. Kiuno kinajua gitaa lilipo, anashuka mpaka chini na kupanda bila kushika goti. Ningemkuta anacheza vibaya ningecheka, ningemsamehe, leo ningekuwa mke wa mtu. Angenichezea hivyo wimbo mmoja tu kule Sitalike, katikati ya mabuti yale, nisingetaka kitu kingine kwake.

Nilikwenda nikasimama nyuma ya bega lake. Akaniona ndani ya kioo. Macho yetu yakakutana mle. Nikangoja ageuke.

Hakugeuka. Aliinua kidole kimoja, kile cha kumwambia mtu subiri, akarekebisha kola, akaendelea.

Akaumaliza wimbo.

Ndipo akaja, jasho linamtoka, anatabasamu kama mtu aliyenikuta sokoni. "Feli, nisikilize. Mbele za watu naona aibu. Pale kwenye kioo niko peke yangu tu."

Nilimwamini. Ulikuwa ukweli wa kwanza aliowahi kuniambia kuhusu kucheza. Nilikuwa nimesimama mle mle ndani ya kioo, bega kwa bega naye, na bado alikuwa peke yake.

Tulichukua blanketi, mimi na Esperansi, tukakifunika kioo. Muziki uliendelea lakini mstari wote ukasimama. Kijana mmoja wa kofia nyuma, sauti imemlegea kwa uchungu, akauliza, "Sasa dada, nyie mkiondoka nacho, sisi tucheze na nani?"

Esperansi akamwonyesha mabenchi kwa kidevu. Wakageuka wakawatazama wale wasichana kwa mshangao, kama walikuwa hawajui kuna watu wengine humo ndani.

Tulikibeba mpaka Shanwe. Gerald alitufuata, anaomba ashike upande mmoja, anaapa ataacha. Hatukuwa tumefika mbali, wimbo mwingine ukaanza kule ukumbini. Nikasikia hatua zake zinapungua nyuma yetu, zikasita, zikaisha. Sikugeuka. Kioo kilikuwa kizito.

Leo washenga walikuja, wazee wawili na mjomba wake. Shangazi alikuwa ametandika mkeka mpya na kupika wali wa kwetu. Sikuwa nimemwambia kitu. Nilijisemea nikianza kueleza nitalia, na nikilia ataniambia nivumilie. Nikaitwa, nikapiga magoti, Shangazi akaniuliza kama msichana yeyote anavyoulizwa:

"Felista, wageni hawa unawafahamu?"

"Nawafahamu, Shangazi."

Tayari alikuwa anatabasamu. "Basi tuwapokee?"

"Hapana. Msiwapokee."

Mjomba wa Gerald akakohoa, akasema kwa upole, na upole wake ulinisumbua kuliko kelele, "Mwanetu, kijana ana kosa gani? Analewa?"

"Hapana, mjomba."

"Ana mwanamke mwingine?"

"Hapana."

"Sasa?"

"Anacheza muziki, mjomba."

Wazee walitazamana. Najua kesho stesheni nzima itakuwa inasema Felista wa saluni, yule yule anayetingisha mabega barabarani, amemkataa mwanaume mtulivu kwa sababu ya dansi. Waseme. Watu wanaotikisa goti moja hawawezi kunifundisha kitu.

Walipoondoka, Shangazi alianza kutenga mifupa pembeni mwa sahani. Nilimweleza yote. Kibanio cha nywele kilikuwa mkononi mwangu na nilikivunja bila kujua. Aliponyanyua kichwa nilijua nitasemwa.

"Na anacheza vizuri?" akauliza.

"Vizuri sana, Shangazi."

Akasonya. "Mshenzi huyo," alisema, akanisukumia sahani ya nyama iliyobaki.

Jioni hii nimekuja saluni peke yangu. Nimefuta chaki yote na viganja vyote. Kisha nimekigeuza kioo kikatazama ukuta, nikawasha redio, nikacheza mpaka betri zikaanza kuchoka. Nimelia kidogo katikati. Miguu haikusimama.

Jumamosi kuna harusi hapa Shanwe, ya kweli, nywele za bibi harusi nazisuka mwenyewe. Kioo watakipata, nitakibeba kwa mikono yangu mpaka mlangoni kwao. Ila nikishamwekea mbele yake, na yeye anatazama shela lake, je, nitathubutu kumwuliza kama bwana wake, akimwona ndani ya kioo, huwa anageuka?