Moto Chini ya Gari la Baba Glory

Jumamosi, 2 Agosti 2025

Tumenusurika! Baba Glory aliingiza gari shambani Gehandu tupakie ngano. Akaliacha juu ya mabua makavu, injini inanguruma, sisi tunafunga magunia. Gari limeondoka tu — moto! Lundo la majani la shemeji Tluway, chakula cha ng'ombe wake kiangazi hiki, limekwisha lote.

Gidamis, yule mfugaji jirani, alikuwa anapitisha mifugo kwenda kijiji cha Getanuwas. Baba Glory akamnyooshea kidole: huyu hapa na tumbaku yake! Wote wakaitikia.

Jumapili, 3 Agosti

Baada ya misa habari ni hiyo tu. Baraza Jumatano. Wanataka Gidamis asinyweshe tena bwawani kwetu. Kiangazi hiki! Si ng'ombe wake watakufa wote?

Nimekutana naye njiani. Ananiuliza: Mama Glory, mimi nanusa ugoro. Ugoro unawashwa na nini?

Nikacheka. Halafu nikaacha kucheka.

Jumatatu, 4 Agosti

Nimempigia binti yetu Glory, si anafundisha kemia Katesh. Kumbe chini ya gari la petroli, kwenye bomba la moshi, kuna kifaa chenye vitundu kama masega ya nyuki, yamepakwa madini yanaitwa paladiamu. Meupe kama fedha, hayashiki kutu, wengine wanatengenezea pete, hata meno! Moshi mbaya ukipita pale unaungua upya, unatoka umepungua sumu. Na paladiamu yenyewe haiungui wala haipungui. Nikamwambia, kama kile kichaka cha Musa! Akacheka — ndiyo Mama, ila cha Musa hakikuunguza majani ya watu. Masega yanapata moto sana, mabua makavu yakigusa yanashika.

Akauliza: gari mliliweka wapi siku ile?

Juu ya mabua, nikamjibu.

Jumanne, 5 Agosti

Nimemweleza Baba Glory. Kawaka yeye sasa! Ati gari halina kiberiti, ati nataka kumwaibisha mbele ya mdogo wake Tluway. Uji hakunywa. Nimesali rozari, moyo umetulia kabisa. Kesho nitasema, Mama wa Mungu yuko nami.

Jumatano, 6 Agosti

Naandika hapa hapa barazani. Nimesema yote. Wazee wamecheka! Mwenyekiti Bura: Mama Glory, yaani madini ya pete ndiyo yameunguza majani? Nikasema, shikamooni wazee wangu, basi tujaribu.

Nimetandika mabua kwenye udongo mtupu, ndoo za maji ziko tayari. Gidamis kanusa ugoro, kapiga chafya — mmoja kasema zimeni, zimeni huo moto! Hata Tluway kacheka.

Gari hilo linakuja, limetoka Katesh bila kupumzika, chini bado la moto. Baba Glory kalisimamisha kule barabarani. Bura anampungia: sogea, weka hapa juu ya mabua.

Hasogei.

Tluway kamfuata dirishani: kaka, si ulisema gari halina moto?

Injini inanguruma. Mikono yote miwili iko kwenye usukani. Namtazama mume wangu, naye ananitazama —