Dirisha la Stoo ya Mlali

Mjukuu wangu Neema,

Shikamoo yako imefika, marahaba sana. Huku Haneti hatujambo. Bibi yako sasa anatembea bila fimbo, na uwele shambani umekubali mwaka huu.

Unaniuliza kama kweli chumba kinaweza kutoa ushahidi, maana huko chuoni mnafundishwa kupima majengo walimoteswa watu. Kinaweza. Nilipokuwa kijana, fundi mwashi, nilijenga stoo katika shamba la tajiri mmoja kule Mlali. Baadaye walinzi wake walimfungia humo mfugaji ambaye ng'ombe wake waliingia shambani, naye akafa. Walinzi walisema alitoroka kupitia dirishani, akaangukia kichwa.

Mjane wake alinifuata kazini.

"Fundi, lile dirisha ulijenga wewe. Mtu mzima anapita pale?"

Nililipima mwenyewe, hata kichwa cha mtu hakipiti. Lakini yule tajiri alikuwa ameniahidi kazi ya kujenga nyumba yake.

"Sikumbuki vipimo, mama," nikamjibu.

Hakunibishia. Aliitazama mikono yangu, akasema, "Asante, fundi," akaenda zake. Hadi leo natamani angenitukana.

Babu yako,
Yona