Risasi Iliyobaki

Mdogo wangu mpendwa,

Barua yako ilinifikia Jumanne mchana, mkononi mwa binti yako mwenyewe, na nimeisoma mara nne. Nakusalimu kwanza, maana hata jambo likiwa zito namna hii, salamu haziachwi nje ya mlango. Miguu yako inaendeleaje? Mwanao ananiambia uvimbe umepungua tangu upate cherehani ya umeme, na kwamba siku hizi unashona huku unawagombeza wateja bila hata kuinua macho. Nimefurahi. Mimi ni mzima kwa kipimo cha umri wangu. Macho yanaona mbali kuliko karibu, na goti la kulia linajua habari za mvua kabla ya redio.

Sasa nije kwenye ombi lako. Umeandika kwamba binti yako huyu huyu anataka kuolewa na mtoto wa Randa, yule seremala, na kwamba hutakubali damu ya baba yake ikalishwe meza moja na mtu aliyemponza. Umeniomba mimi, mjomba, niseme hapana, kwa kuwa nikisema mimi mambo yamekwisha. Ombi nimelielewa. Utanivumilia nikianzia mbali. Nimefundisha miaka thelathini na mmoja, na kujibu swali bila kuchora ubaoni kwanza sijui.

Unaikumbuka ile bunduki yangu fupi. Niliinunua mwaka niliostaafu, bega lilipochoka na mateke ya ile ndefu ya zamani. Mumeo ndiye aliyenidhamini polisi nipate kibali. Aliweka sahihi, kisha akaniuliza mbele ya askari, "Shemeji, hii ni bunduki au pampu ya baiskeli?" Askari alicheka mpaka akapiga muhuri juu chini. Nilimjibu kwamba fundi pampu huona pampu kila mahali, hata kwenye sahani yake ya chakula.

Ni bunduki ya kukoki kwa mkono. Unainua kipini cha chuma, unakivuta nyuma, ganda tupu linaruka. Unakisukuma mbele, risasi nyingine inaingia. Moja moja, bila papara. Risasi yenyewe ni ya ukubwa wa kati: ndefu kuliko ya bastola, fupi kuliko zile za bunduki kubwa za kuwindia. Kwa nguruwe pori aliye hatua mia moja inatosha kabisa, mradi uiweke mahali pake, nyuma kidogo ya bega. Ukiiweka pengine, haina nguvu ya kukufichia kosa. Katika mji wetu wote, mwenye bunduki ya risasi hiyo nilikuwa mimi peke yangu. Shika neno hilo, tutalirudia.

Wenye vibali karibu wote hapa nyumbani niliwafundisha mimi, Randa akiwemo. Walimpa jina hilo kwa sababu hata msibani alikuja na vumbi la mbao kwenye nyusi. Nilikuwa na sheria mbili, na niliwaimbisha kama watoto wa darasa la kwanza. Bunduki ikianguka, usiende nayo porini mpaka uipime upya kwenye karatasi, maana kilengeo kikisogea upana wa unywele, risasi huko mbele inakosea kwa shubiri. Na ya pili: mnyama uliyemjeruhi ni mzigo wako mpaka umwone amekufa kwa macho yako.

Siku ile unaijua, lakini nitaisimulia kama inavyosimuliwa. Ofisi ya mfereji ilituomba mimi na Randa tupunguze nguruwe waliokuwa wakibomoa kingo na kumaliza mahindi. Yeye alikaa juu ya mfereji na bunduki yake kubwa, mimi chini karibu na matete. Watu walisikia milio miwili. Tulipokutana, Randa alisema amekosa, risasi yake imeingia kwenye tope. Nami nilisema nimekosa. Alinicheka sana. "Mwalimu leo kafeli! Nani atamsahihishia?"

Asubuhi iliyofuata mumeo alipita njia ya matete kwenda kuwasha pampu, na dume lililojeruhiwa likamtokea likamchana paja. Walipomfikia alikuwa ameshamwaga damu yote. Ofisa wa wanyamapori alimfuata mnyama yule, akampiga risasi tatu za kummaliza. Kisha mzoga ukaburutwa mpaka uani kwa ofisi ya mfereji, watu wakataka kujua ni nani aliyemjeruhi jana yake akamwacha. Wakasema, mwalimu aangalie, yeye ndiye mjuzi.

Nikaangalia. Nilikunja mkono wa shati, nikaingiza vidole kwenye lile jeraha la zamani, kwenye paja la nyuma, nikasimama nikawaeleza kwa utulivu, kama ninavyoeleza siku zote. Niliwaambia kwamba risasi kubwa ina nguvu ya kupita upande wa pili, na ndogo hubaki ndani. Hapa, nikasema, ndani hamna kitu. Imepita. Sikutaja jina la mtu. Sikuhitaji. Watu wote waligeuka wakamtazama Randa, naye akawa ananitazama mimi, mdomo wazi, akarudia mara mbili tu, "Lakini mwalimu, mimi nilipiga tope."

Mengine unayajua kuliko mimi. Ulimkataza asikanyage mazishini. Alinyang'anywa kibali. Watu waliacha kumpelekea milango na vitanda, hata wale waliokuwa wamelala kwenye vitanda vyake tangu waoane. Mkewe alihamia kwa dada yake na mtoto, yule yule anayemtaka binti yako leo. Karakana imebaki na benchi moja, na mwenyewe anachonga mipini ya majembe.

Mdogo wangu, risasi haikupita.

Niliigusa kwa ncha ya kidole cha kati, imelala kwenye mfupa, imepinda kichwa kidogo. Niliitoa nikaifumbata kwenye kiganja, na nilipokuwa nikiwaeleza wale watu habari za nguvu ya risasi, ilikuwa kwenye ngumi yangu ya kushoto, ina joto la mzoga bado. Ilikuwa ndogo. Ilikuwa yangu.

Nikueleze yote, maana nikibakiza kipande nitakuwa nimeongopa tena. Siku moja kabla ya kuwinda, bunduki iliniteleza ukutani ikaanguka kwenye sakafu ya saruji. Randa alikuwepo, amekuja kunirekebishia dirisha. Aliniambia, "Mwalimu, twende tukaipime kwenye karatasi, si ndiyo sheria yako?" Nikamjibu kwamba mwanafunzi hamkumbushi mwalimu. Asubuhi yake dume lilisimama ubavu, hatua themanini, shabaha ambayo ningeipata nikiwa nimefumba jicho zima. Nililenga nyuma ya bega. Mguu wa nyuma ndio uliotikisika.

Niliifuata damu. Ilikuwa kwenye majani ya matete, urefu wa goti, nyekundu mbichi. Nilikoki, nikaingia kama hatua arobaini, mpaka pale matete yanapofungana usione hata mtutu wako mwenyewe. Nikamsikia anapumua. Hakuwa mbali, ningeweza kumtupia kofia. Nilisimama pale nikijiambia mambo mengi kuhusu umri na goti langu, lakini jina lake ni moja: niliogopa. Nilirudi kinyumenyume, na nilipotoka nikayafuta kwa soli ya kiatu yale matone yaliyokuwa njiani. Halafu nikaenda kumwambia Randa nimekosa.

Bado kuna kimoja, na hiki ndicho kilichonifanya nishindwe kuja kukutazama miaka sita hii tangu uhame hapa, ukidhani ni goti. Jioni ile, jua likiwa bado juu, mumeo alipita kwangu kunywa chai. Aliniuliza kama wale nguruwe tumewafukuza kweli, kwa kuwa kesho ana zamu ya pampu na njia ya matete ndiyo fupi. Nilimwambia apite bila wasiwasi. Akanywa chai yake yote, akainua ile bunduki ukutani, akaigeuzageuza, akasema, "Shemeji, na hii pampu yako ipelekee maji siku moja." Nikacheka. Alikufa akiwa ananiamini.

Wewe umekuwa ukiniletea mashati uliyoshona mwenyewe kila mwaka. Yako sita, na sijavaa hata moja. Kila ulichokiandika juu ya Randa, kwamba ni mtu asiye na utu, kwamba alimwacha mnyama na kwenda kulala, nilikisoma kikiwa na anwani yangu. Na bado nilikujibu kila mara kwa maneno ya kukutuliza. Nimekufundisha kumchukia mtu asiyekukosea, kama nilivyokufundisha kusoma saa.

Kwa hiyo jibu langu ni hili. Neno la mjomba ulilolitaka sina. Mtu asiyestahili kukaa na binti yako meza moja ni mimi, na sitakuja harusini hata nikialikwa. Bunduki niliipeleka polisi jana, pamoja na kibali na maelezo niliyoyaandika kwa mkono wangu, nikayatia sahihi. Ofisa aliyenipokea ni mwanafunzi wangu wa zamani. Aliniletea kiti, nikakataa kukaa. Kesho basi la mwanao likishaondoka nitakwenda karakana kwa Randa. Sitaomba anisamehe. Nitamwambia tu alipiga tope.

Sijamweleza binti yako chochote. Habari za baba yake zinatoka kwako, kama utataka na utakapotaka. Yupo chumba cha pili anapiga pasi nguo zake za safari na kuimba vibaya, kama baba yake. Asubuhi aliniambia, "Mjomba, usimuogope mama. Andika unachojua, basi."

Ile risasi imo ndani ya bahasha hii, nimeifunga kwenye kipande cha kitambaa cha shati lako la kwanza. Nilikata mkono wa shati. Utaniwia radhi kwa hilo pia.

Wasalimie wadogo zake, kila mmoja kwa jina lake. Msalimie na jirani yako mwenye duka la vitasa, mwambie kile alichonipa bado kinafunga. Pumzisha miguu. Usishone kwa siku mbili baada ya kusoma barua hii, sindano ya umeme haina subira na mkono unaotetemeka.

Ni mimi,
kaka yako mkubwa.

Baada ya kutia sahihi: mwanao amekuja kuchukua bahasha, akaipima kiganjani. Ameuliza, "Mjomba, umeweka nini humu kizito hivi?" Nimemwambia ni kitu cha mama yake, nimekaa nacho muda mrefu.