Chupa ya chai jichoni

Agripina rafiki yangu, nimeaibika! Usicheke kwanza.

Kabla hakujapambazuka nilisikia ufagio ukikwaruza uani. Nikachungulia. Ni Ilona, yule mgeni wa mjukuu wangu Sostenes kutoka Hungaria alikosomea. Mgeni anafagia! Nikasema leo namwandalia meza ya heshima.

Jana jioni alinipa zawadi, kitambaa kigumu kilichoviringishwa, kina maua mekundu kama yale tunayoshona sisi akina mama. Nikakitandika mezani. Nikaweka uji, viazi na chupa ya chai.

Sostenes alipoingia akashika kichwa. "Bibi! Hiyo ni picha! Aliichora marehemu babu yake Ilona!"

Picha! Nikatazama vizuri. Kumbe kuna mwanamke, uso pembepembe kama kioo kilichovunjika kikaunganishwa.

"Na chupa umemwekea jichoni," akasema.

Jichoni, Agripina! Na uji umemwagika shavuni. Nimeharibu kumbukumbu ya marehemu!

Ilona akaingia, akalifuta lile shavu polepole kwa upindo wa kanga, halafu akacheka mpaka machozi. Sostenes akanitafsiria: "Anasema babu aliyaiga maua hayo kwenye vitambaa vya meza alivyoshona bibi yake Ilona. Bibi huyo angekuwepo, naye angeitandika picha hii mezani."

Nikamkumbatia. Doa limebaki kidogo, naye hataki nilisugue.

Wanaondoka kesho. Nimemwambia, "Rudi tena, mjukuu wangu, hata mikono mitupu."