Mama, Kikaangio Kilikuwa Kimoja

Kwako Mama, uliyenizalia mume,

Shikamoo. Najua hutaitikia, lakini kwa miezi minane uliyokaa kwetu Maisaka, hapa Babati, sikuwahi kupita mbele yako asubuhi bila kukuamkia, na mkono wangu umekataa kuanza na neno jingine. Nimerudi jana kutoka kwenu milimani. Tumekusomea misa ya kumbukumbu, tumepalilia kaburi lako, na nimewaambia ndugu zako jambo ambalo nilitakiwa kukuambia wewe. Kwa hiyo wao wamejua kabla yako. Hata kwenye kuungama nimeanza mkia mbele.

Unakumbuka siku uliyokuja? Ulishuka stendi ya Babati na begi moja la nguo, kadi yako ya kliniki ya presha, na kitu kizito kimefungwa kwenye kitenge. Nilijua ni samli, nikafurahi kimoyomoyo maana mimi na tumbo langu unatujua. Ulipofungua mezani ikatoka sufuria ndogo, tupu, imesuguliwa mpaka inang'aa.

"Mama Debora," ukaniambia, "mimi simkatazi mtu kula samaki kwake. Wewe ni mtoto wa Mwanza, umelelewa na samaki. Lakini changu kipike humu."

Nilikuwa nimeshaambiwa kwamba wazee wa kwenu hawali samaki, ila nilidhani ni kama watu wasiopenda bamia. Ukanieleza taratibu, kama mtu anayemweleza mgeni njia. Mnyama asiye na miguu wala manyoya, anayeteleza mkononi, kwenu ni nyoka tu aliyehamia majini. Bibi yako hakumla, mama yako hakumla, na wewe ulikuwa umefika umri ule bila kumtia mdomoni. Nilicheka hadi nikashika ukingo wa sinki. Ulicheka na wewe. Ndivyo tulivyoanza, na tulianza vizuri.

Miezi miwili ya kwanza nilikuwa mkwe wa kupigiwa mfano. Sufuria yako upande huu, kikaangio chetu upande ule, kijiko chako na mwiko wako mbali. Ulikuwa unakaa kwenye kigoda mlangoni pa jikoni, umegeukia nje, ukichambua maharage ya kesho yake, na kila jioni nikikuletea sahani uliuliza, "Hiki umekipika peke yake?" Nami nilijibu, "Ndiyo, Mama," na ilikuwa kweli.

Sasa nikueleze siku za kazi zilivyokuwa, si kwa kujitetea, ila ujue. Pale steshenari ninapofanya kazi nilikuwa natoka saa kumi na mbili jioni, nimesimama kwenye mashine ya fotokopi tangu asubuhi. Napitia sokoni kwa yule mama anayeuza perege wa ziwani, ananitolea minofu haraka huku akinisimulia habari za mume wake. Nachukua pakiti ya soseji za ng'ombe buchani, napanda bajaji, nafika nyumbani Debora ana njaa, Baba Debora ametoka gereji ana njaa, na wewe una dawa za kumeza baada ya chakula. Ndipo nikabuni kile chakula changu cha kikaangio kimoja. Mafuta ya alizeti kidogo, soseji nimezikata mshazari, naziacha zitoe mafuta yake. Vitunguu, hoho, kitunguu saumu, nyanya mbili. Viazi nimeshavichemsha asubuhi, navikata bapa. Juu yake minofu ya perege yenye limao na pilipili manga, nafunika. Dakika ishirini watu wako mezani. Nilijiona mjanja sana.

Siku ya kwanza ilikuwa Jumanne. Soseji zako zilipaswa kuingia kwenye sufuria yako. Sufuria ilikuwa kwenye beseni, ina ukoko wa maharage, na mimi sikutaka kuiosha. Ni hilo tu, Mama. Nimetafuta sababu kubwa zaidi ya hiyo kwa mwaka mzima na sijaipata. Gesi ilikuwepo. Jiko langu lina sehemu mbili za kuwakia na zote zilikuwa nzima. Maji yalikuwa yanatoka. Nilikuwa nimechoka na sikutaka kuosha sufuria.

Nikaweka soseji zako upande wa kushoto wa kikaangio, samaki wetu upande wa kulia, na katikati nikajenga ukuta wa vitunguu. Naapa nilijenga ukuta. Nilivipanga kwa mwiko kama fundi wa matofali, nikajiambia huku ni kwako na kule ni kwetu. Mchuzi wa nyanya ulipoanza kuchemka ulipita juu ya ule ukuta, chini yake na katikati yake, na mimi nikafunika mfuniko nisione.

Nilipokuletea sahani uliuliza swali lako la kila siku.

"Ndiyo, Mama," nikasema.

Harufu ya samaki ilikuwa nyumba nzima, maana sisi tulikuwa tunamla, kwa hiyo hukuwa na cha kukushtua. Ulionja. Nikasimama na jagi la maji mkononi nikingoja dunia ianguke. Ukasema, "Leo hiki umekipika kwa mkono gani?" Ukafuta sahani kwa kiazi cha mwisho. Ukaomba nyingine.

Ungekitema ningejua la kufanya. Ulikisifu, na mimi napenda kusifiwa. Nikapika vile Alhamisi. Nikapika wiki iliyofuata. Sufuria yako ikapanda juu ya kabati, na wewe, kwa kuwa hukuwa unaingia ndani ya jikoni wakati wa kupika ili usinisumbue, hukuiulizia. Baba Debora alijua. Aliona tangu jioni ile ya kwanza, akaniambia chumbani, "Mama asijue tu. Mimi shuleni nimekula dagaa miaka minne, sikufa." Hatukulizungumza tena.

Ukaendelea kuuliza swali lako kwa wiki mbili au tatu, nami nikawa najibu kabla hujamaliza. Halafu ukaacha kuuliza. Ungedhani nilipata nafuu. Nilikosa raha kuliko mwanzo, kwa sababu nilijua umeacha kwa kuniamini.

Kuna Jumamosi nilikuwa naanika nguo nyuma ya nyumba, wewe uko mbele na Mama Ester jirani. Alikuwa analalamika juu ya mkwe wake, unamjua kwa kulalamika. Nikakusikia unamjibu: "Wangu mimi ni mtoto wa ziwa, lakini ananipikia changu peke yangu. Anachoka, anarudi amechoka kabisa, na bado hachanganyi." Nilibaki nimeshika shuka lako lililolowa, linanichuruzikia miguuni. Nilitaka kuja pale mbele niseme. Miguu ilikuwa mizima na sikwenda.

Badala yake Jumatatu nilifanya nilichodhani ni kutubu. Nikanunua kikaangio kipya, kiwe cha soseji zako tu. Nikateremsha sufuria yako, nikaichemsha kwa maji na magadi. Nikapika soseji zako peke yake, kwa viungo vilevile, limao lilelile, nikawa natembea na ile sahani kuja kwako kama mtu anayepeleka sadaka.

Ulikula vipande vitatu. Ukaweka sahani chini.

"Umechoka leo, mwanangu?" ukaniuliza. "Hakina ladha."

Jumanne ukala viwili. Jumatano ulisema huna njaa, ukataka chai tu, na kliniki walikuwa wameshatuambia umepungua kilo na ni lazima ule. Baba Debora aliniangalia kwa jicho la lawama, kwamba nimeanza kumtesa mama yake kwa ajili ya dhamiri yangu. Sijui kama alikuwa na haki. Alhamisi nilisimama mbele ya jiko muda mrefu. Halafu nikatia samaki.

Hapa ndipo nataka unisikilize, Mama. Ile Jumanne ya kwanza ilikuwa uvivu. Hii Alhamisi haikuwa uvivu. Nilikuwa na sufuria safi, nilikuwa na nguvu, nilijua wewe ni nani na huli nini, na nilichukua mchuzi uliotoka kwenye perege kwa kijiko nikaumwagia juu ya chakula chako kwa makusudi. Ukuta wa vitunguu sikujenga. Ulipoonja uso ulifunguka wote.

"Sasa umerudi," ukasema.

Ulikula mpaka ukachoka, na wiki zile za mwisho uzito wako ulipanda. Watu wakiniuliza kama nilikutunza, nasema nilikutunza, na ni kweli. Ndiyo maana jambo hili halinitoki. Ningekuwa nilikudharau ningejua niweke wapi kosa langu. Nilikulisha kwa upendo kitu ambacho ungeamka usiku kukitapika kama ungekijua, na ulinipenda zaidi kwa sababu yake.

Ulirudi kwenu wakati wa kuvuna, kwa mguu wako, umebishana na daktari na umemshinda. Stendi ulinikumbatia ukaniambia nikija nije na soseji. Wiki ya tano simu ikaja kwamba umelala na hukuamka.

Wifi aliponipigia kuhusu misa ya kumbukumbu alikuwa na furaha kuniomba. Ulikuwa umewasimulia wote. Alisema kanisani, kisimani, shambani, ulikuwa unawaambia habari za chakula cha mkweo wa Babati, na dada yako mkubwa, huyu tunayemwita Mama Mkubwa, ametaka kukionja kabla na yeye hajakufuata. Nikamwambia nitapika. Baba Debora alipakia vitu kwenye gari akasema, "Tia samaki kidogo, wazee wafurahi, yaishe." Tulipopita sokoni sikumwambia asimame.

Nilipika kwenye kuni, jikoni kwako, kuna baridi na ukungu umekaa mpaka mlangoni. Soseji, viazi, vitunguu, nyanya. Hakuna kingine. Wakati watu wanakula mbuzi na makande, Mama Mkubwa alipelekewa sahani yangu. Alitafuna taratibu kwa yale meno yake machache. Akaniita.

"Hiki ndicho?"

"Ndicho, Mama Mkubwa."

"Mdogo wangu alisema ukikila unasahau jina lako. Mimi langu nalikumbuka. Hizi ni soseji tu."

Wifi akacheka, na wengine wakacheka. Nikaona mlango uko wazi na hautafunguka tena. Nikapiga magoti pale kwenye majani, na nikasema yote, kuanzia ukoko wa maharage mpaka kile kijiko cha mchuzi. Kicheko kilikatika. Mjomba mmoja aliinuka akatoka. Baba Debora aliangalia viatu vyake.

Mama Mkubwa hakunikatiza. Nilipomaliza akaniuliza, "Alijua?"

"Hakujua."

"Alikuuliza?"

"Aliniuliza kila siku."

"Ukamwambia nini?"

"Nilimwambia nimekipika peke yake."

Aliisogeza sahani yangu pembeni. Kisha akasema, "La samaki tungelimaliza leo. Tungekutoza mbuzi, tungekucheka mpaka wajukuu zako. Lakini aliuliza, ukajibu. Hilo si langu kulisamehe. Ni la aliyeuliza." Akanielekeza kwa mkono ulipolala, halafu akavuta ile sahani akaendelea kula, polepole, mpaka ikaisha. Hakunifukuza. Akasogea kwenye benchi nikapata pa kukaa.

Jioni, watu walipotawanyika, nilikwenda kaburini kama alivyonielekeza. Nilisimama pale na sikuweza kufungua mdomo. Niliweza mbele ya watu ishirini na wewe ulinishinda. Ndiyo maana naandika.

Wenzangu kazini wataniambia Mungu anajua, marehemu wanajua, usijitese. Sitaki kuambiwa hivyo. Ukisema sasa unajua, basi unajua bila mimi kukuambia, na nitakuwa nimekwepa tena. Nataka ulisikie kwangu: nilikudanganya jikoni kwangu ukiwa mgeni wangu, na baadaye nikakudanganya tena kwa makusudi kwa sababu nilitaka kuona uso wako unavyofunguka.

Naomba unisamehe. Ulikaa kwenye kigoda hatua mbili kutoka kwangu kila jioni kwa miezi minane, ukiwa na masikio na mdomo, ungeweza kunikatalia msamaha. Nimengoja mpaka usiweze.

Lala, Mama.

Mkweo,
Mama Debora